Orodha Haiimbi

Mashabiki wa Bob Dylan wana hukumu moja ambayo siku hizi haijadiliwi tena, inarithishwa tu. Hukumu yenyewe ni hii: onyesho lake hupimwa kwa jinsi orodha ya nyimbo inavyobadilika usiku hadi usiku, na tangu aanze kuimba nyimbo zile zile kwa mfuatano ule ule, basi mzee amechoka, au amekuwa mvivu, au anatudharau. Onyesho likimalizika Berlin, vyombo bado viko jukwaani, orodha imeshawafikia walioko Boston na Osaka, na uamuzi umeshatolewa: hakuna jipya. Walioamua hawakusikia hata sauti moja ya gita. Walisoma.

Niwatendee haki kwanza, maana hoja yao si ya kipuuzi. Tarehe 7 Juni 1988 Dylan alipanda jukwaa la Concord Pavilion, California, na bendi ndogo nyuma yake, akaanza safari ambayo watu waliipachika jina la Never Ending Tour. Mwenyewe jina hilo alilifanyia mzaha: katika maelezo ya albamu yake World Gone Wrong ya 1993 aliandika kwamba ziara hiyo ilikwisha zamani, mwaka 1991, mpiga gita G.E. Smith alipoondoka. Ilikwisha, lakini maonyesho yakaendelea, kiasi cha mia kwa mwaka, na kwa muda mrefu hakuna aliyekaa kitini akijua wimbo gani unafuata. Wimbo uliozikwa miaka ishirini ungeweza kufufuka Jumanne moja katika mji usio na jina. Watu walisafiri kwa ajili ya hilo, na walikuwa na sababu.

Kisha, kuanzia 2013, orodha ikaganda. Mwezi Novemba 2021, akiwa na miaka 80, Dylan alianzia Milwaukee ziara ya Rough and Rowdy Ways: nyimbo kama kumi na saba, karibu nusu za albamu ya 2020 yenye jina hilo, na nyingine za zamani zilizochomekwa katikati. Mfuatano huo, ukiacha marekebisho ya hapa na pale, aliubeba Marekani, Ulaya na Japani hadi 2024. Shabiki aliyelipia tiketi tano anauliza: hizo nne nyingine zilikuwa za nini?

Swali ni halali. Jibu walilojipa ndilo bovu.

1. Enzi ya dhahabu ilikuwa na orodha moja

Ukiwauliza mashabiki hao ni lini Dylan alikuwa kileleni jukwaani, wengi watakutajia 1966. Ile ziara ya dunia: nusu ya kwanza yuko peke yake na gita la kawaida na hamonika, nusu ya pili ameshika gita la umeme na nyuma yake wapo vijana ambao baadaye wangeitwa The Band, na ukumbini watu wanazomea. Tarehe 17 Mei, Free Trade Hall ya Manchester, mtu mmoja alimwita Yuda. Kanda ya usiku huo ilizunguka kwa magendo miaka na miaka, tena kwa jina la uongo la Royal Albert Hall, hadi kampuni ya rekodi ilipoitoa rasmi mwaka 1998.

Sasa tuitazame orodha ya ziara hiyo tukufu. Nyimbo saba kabla ya mapumziko, nane baada ya mapumziko. Kumi na tano. Dublin kumi na tano, Manchester kumi na tano, Paris kumi na tano, zile zile, kwa mfuatano ule ule, isipokuwa mara chache sana. Kwa kipimo cha leo, hakuna ziara ya kivivu kuliko hiyo.

Mwezi Novemba 2016 rekodi za ziara hiyo zilitolewa zote kwa pamoja, ndani ya sanduku moja la diski 36. Naomba namba hiyo isipite haraka. Diski 36 za nyimbo kumi na tano. Na nani alizinunua? Si mpita njia. Walizinunua watu wale wale wasioweza kuvumilia kusikia "Key West", wimbo wa albamu ile ya 2020, mara mbili kwa mwezi mmoja. Wamekaa nyumbani wanalinganisha "Visions of Johanna" ya mji huu na ya mji ule, wanakuonyesha neno lilipovutwa, pumzi ilipokatwa, mahali hamonika ilipoingia mapema. Masikio yao ni makali ajabu, mradi onyesho liwe na umri wa miaka hamsini.

Kama hilo halitoshi, kuna 1979. Kuanzia tarehe 1 Novemba Dylan aliimba usiku kumi na nne katika ukumbi wa Warfield, San Francisco, nyimbo za injili peke yake. Hakuna hata moja ya zamani, na orodha ilikuwa karibu ile ile kila usiku. Wapo waliozomea na kudai warudishiwe Dylan wao. Mwaka 2017 rekodi za kipindi hicho zilipotoka katika mkusanyiko wa Trouble No More, zilipokewa kwa shangwe, na leo ni kawaida kumsikia shabiki akisema kwamba hajawahi kuimba kwa moto kama ule. Orodha haikubadilika hata kidogo baina ya kuzomewa na kushangiliwa. Kilichopita ni miaka 38 tu.

2. Orodha ya kutamanisha, onyesho la kusikitisha

Tugeuze upande wa pili. Mwezi Februari 1991 Dylan aliimba mfululizo London, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon. Ukizisoma orodha za kipindi hicho utatamani ungekuwapo: zinachanganywa, zinageuzwa, kila usiku una lake. Ukizisikiliza kanda utashukuru hukuwapo. Hata watetezi wake wakubwa huhesabu miezi hiyo kuwa ndiyo shimo refu kabisa la safari nzima. Smith alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia, ingawa Dylan mwenyewe aliandika 1991, bendi haijashikamana, na mwimbaji anapita juu ya maneno yake kana kwamba anatafuta mlango. Mara nyingine msikilizaji hautambui wimbo hadi ubeti wa pili, na si kwa sababu umepangwa upya. Haujapangwa kabisa.

Sababu yake mpiga ngoma yeyote wa baa angekueleza. Bendi inayotakiwa iwe tayari kwa nyimbo mia moja haiwezi kuujua hata mmoja kwa undani. Macho ya wote yako kwenye vidole vya mwimbaji, wanakisia ufunguo. Hakuna anayethubutu kunyamaza, maana kunyamaza ni kwa anayejua pa kurudia. Kila mtu anashika njia ya salama na kupiga kwa nguvu, na nyimbo zote zinavaa shati moja. Bendi ya orodha fupi, inayorudia kazi ile ile miezi mitatu, inapata kitu ambacho karatasi haiwezi kukionyesha: nafasi. Dylan anaweza kuchelewesha mstari nusu ya mapigo akijua kwamba Tony Garnier, aliye naye kwenye besi tangu 1989, hatakimbia. Utulivu ule wa ziara ya Rough and Rowdy Ways, ambapo ala zinanong'ona na sauti ya mzee inakaa mbele kabisa, haukuokotwa njiani. Ulilipiwa kwa marudio.

Hapa daima atasimama mtu aseme: Je, bendi ya Grateful Dead? Nao ni jamaa wa karibu wa habari hii. Dylan alizunguka nao viwanjani mwaka 1987, na mashabiki wao ndio waliowafundisha wengine tabia ya kuweka kumbukumbu za kila usiku. Kweli, wao hawakurudia orodha. Lakini ni kanda gani wafuasi wao wameiweka madhabahuni? Ile ya Chuo Kikuu cha Cornell, tarehe 8 Mei 1977. Nyimbo zake ni zile walizokuwa wakizizungusha masika yote ya mwaka huo. Kilichoitofautisha ni namna zilivyopigwa. Na upande wa pili wa mizani, orodha za Grateful Dead ziliendelea kubadilika hadi onyesho la mwisho kabisa, Soldier Field, Chicago, tarehe 9 Julai 1995, huku mpiga gita wao Jerry Garcia akidhoofika mbele ya macho ya watu. Mwezi mmoja baadaye akafariki. Aliyekuwa akisoma karatasi tu angesema bendi ina afya njema.

3. Jina la wimbo si wimbo

Hili ndilo kosa kubwa, na mengine yote yamezaliwa humo. Orodha huhesabu majina. Dylan habadilishi majina; anabadilisha kilichomo.

"To Be Alone with You" uliingia duniani mwaka 1969 katika Nashville Skyline kama wimbo mwepesi wa mapenzi, wa mtu aliyeshiba na kutulia. Uliorudi jukwaani mwaka 2021 ulikuwa na maneno mengine karibu yote, na mapenzi yenyewe yameingiwa na kitu cha kutisha. Kwenye orodha: "To Be Alone with You". "Gotta Serve Somebody" wa 1979 umeandikwa upya sehemu kubwa. Kwenye orodha ni jina lile lile. "Tangled Up in Blue" umebadilishiwa maneno mara nyingi kiasi kwamba toleo la albamu ya Real Live ya 1984 ni karibu hadithi nyingine. Ungesoma orodha za miaka kumi ungeona jina hilo hilo limekaa hapo kama jiwe.

Na "Key West" wenyewe, huo unaolalamikiwa. Katika albamu ni wimbo mrefu unaokwenda taratibu juu ya kodiani. Jukwaani baina ya 2021 na 2024 aliubomoa na kuujenga upya mara kadhaa: lahani ikabadilika, mwendo ukabadilika, kodiani ikaondoka na piano ikachukua mzigo. Kuna miezi ilionekana hajui aufanye nini, na kuna usiku alipoonekana amejua. Huyo ni mtunzi aliye kazini mbele ya watu, anauchokonoa wimbo wake mwenyewe hadharani, na hilo ndilo hasa mashabiki wanalosema wanalitafuta. Lakini kwa kuwa lilitokea ndani ya jina moja, halikuhesabiwa. "Every Grain of Sand", uliokuwa ukifunga maonyesho, usiku mwingine uliishia kwa hamonika na usiku mwingine bila hamonika, na kwa waliokuwa ukumbini tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko kubadilisha nyimbo tatu. Karatasi haina safu ya hamonika.

Sisi tuliolelewa na ghani na taarabu hili halipaswi kutushangaza. Bi Kidude alitoka Unguja akazunguka dunia na nyimbo chache, nyingi zikiwa za Siti binti Saad, akaziimba hadi uzeeni, na kila mara hukujua atauingilia wapi ubeti. Sijapata kumsikia mtu akitoka kumsikiliza huku akilalamika kwamba orodha ni ya mwaka jana.

4. Waliomba mabadiliko, wakaletewa

Kichekesho ni kwamba orodha ilibadilika. Kuanzia vuli ya 2014, na baada ya albamu ya Shadows in the Night kutoka Februari 2015, Dylan aliingiza jukwaani nyimbo za zamani za Marekani alizozirekodi Frank Sinatra. Akaongeza Fallen Angels mwaka 2016, akamalizia na Triplicate mwaka 2017, diski tatu kwa mkupuo. Hapa kulikuwa na mtu wa miaka sabini na kitu, aliyesemwa tangu ujana kwamba sauti hana, anasimama katikati ya jukwaa bila gita na kuimba nyimbo zinazomhukumu mwimbaji vikali kuliko zote. Ungedhani wapenda hatari wangefurahi. Wengi wao walinung'unika kwamba "Autumn Leaves" unakalia nafasi ya wimbo wake mwenyewe. Kumbe mabadiliko yaliyotakiwa yalikuwa ya aina moja tu: arudishe ninachokijua mimi, lakini kile ambacho jirani yangu hajakisikia.

Rudi nyuma kidogo, Novemba 2013. Katikati ya ziara ya Ulaya yenye orodha iliyoganda, Dylan aliingia ukumbi wa Atlantico, Roma, na kwa usiku mbili akaitupa orodha yote, akaimba ya zamani moja baada ya nyingine. Kisha akaondoka Roma na kurudi kwenye mpango wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashabiki wamekuwa wakiitaja Roma tangu hapo kwa sauti ya watu waliotokewa na malaika. Mimi naisoma kinyume. Roma ni ushahidi kwamba uwezo ulikuwapo, na kwamba orodha ya usiku mwingine wote ilikuwa uamuzi. Unaweza kuupinga uamuzi. Huwezi kuuita uchovu.

Ziara ya Rough and Rowdy Ways nayo ilikuwa na vijidirisha vyake: Japani mwaka 2023 akaimba "Truckin'" wa Grateful Dead, Oktoba mwaka huo, Kansas City, akafungua kwa "Kansas City". Tazama vilivyopokewa. Katika usiku wa zaidi ya saa moja na nusu, dakika nne ziliyameza mazungumzo yote. Hakuna aliyeuliza kama ule wimbo wa mji uliimbwa vizuri. Iliulizwa tu kama ni mara ya kwanza. Kisha kiangazi cha 2024, kwenye ziara ya viwanjani pamoja na Willie Nelson, akaja na orodha nyingine kabisa, na Jim Keltner kwenye ngoma, na vuli akarudi Ulaya na ile ya kumi na saba. Mvivu gani huyu anayefanya kazi mbili tofauti kwa mwaka mmoja akiwa na miaka 83?

5. Nani analipia

Sasa tuzungumze gharama, maana hukumu hii ina watu wanaoilipia bila kujua.

Wa kwanza ni aliyekuja mara moja. Onyesho linapopimwa kwa macho ya anayefuata ziara mji hadi mji, huyu wa Kansas au Nottingham, aliyejibana kununua tiketi moja ili amwone Dylan kabla hajaondoka duniani, hana kura. Kwake yeye nyimbo zote kumi na saba ni mpya. Orodha isiyobadilika inampa onyesho lile lile lililokomaa ambalo mji mkubwa ulipewa jana. Orodha ya bahati nasibu inampa makombo: labda apate usiku wa maajabu, labda apate usiku bendi inapojaribu kitu na kushindwa. Msafiri anaweza kusema "kesho itakuwa bora". Mwenye tiketi moja hana kesho.

Wa pili ni wimbo wenyewe. Ule wa nadra unapoanza, wajuzi hupiga kelele kwenye noti za kwanza, si kwa sababu ya kinachoimbwa bali kuwajulisha wengine kwamba wao wametambua. Kelele hiyo hufunika ubeti wa kwanza. Ukimalizika, umeshaingizwa kwenye hesabu na hakuna anayerudi kuuliza ulikuwaje. Katika ziara ya Rough and Rowdy Ways simu zilifungiwa kwenye vifuko vyenye kufuli tangu mlangoni, na malalamiko yalikuwa mengi: udikteta, kutudhalilisha sisi watu wazima. Ukiwasikiliza vizuri, kilichowauma wengine si picha waliyoikosa. Ni kwamba kwa saa moja na zaidi walilazimika kusikiliza wimbo bila kuuripoti.

Wa tatu ni mfuatiliaji mwenyewe, na huyu namwonea huruma kuliko wote. Ametumia fedha za ndege, za hoteli, za tiketi za mbele, na amejifundisha kutarajia kitu ambacho kwa ufafanuzi wake hakipo mbele yake. Wimbo wa nne ukianza naye anajua ni ule ule, ameshahamia wa tano. Wa tano akaujua, anasubiri wa tisa, mahali ambapo huenda safari hii pakawa na badiliko. Anafika mwisho wa usiku akiwa ameusubiri wote. Kisha anasema mwimbaji ndiye aliyekuwa amefika mwili bila roho.

Limebaki lile swali lao, linalotolewa siku zote kama pigo la mwisho: ikiwa hakibadiliki kitu, kwa nini niende mara ya pili? Lakini nani aliyekuambia uende mara ya pili? Si Dylan, yeye hata salamu hatoi. Hakuna mkataba uliosema kwamba ukinunua tiketi kumi, mtunzi anakudai nyimbo mia. Kama umekwenda, ukasikiliza, ukaona usiku mmoja umekutosha, baki nyumbani kwa amani. Kiti hicho cha safu ya tatu kuna msichana wa huko huko mjini aliyekuwa anakitaka, akakuta kimeshanunuliwa na mtu anayetoka nchi nyingine kuja kuhakikisha kwamba wimbo wa tisa haujabadilika.